Treni za Isle of Wight: kutia viraka, kununua mtumba, kuagiza mpya au kuweka tramu?

Island Line, reli ya abiria ya Isle of Wight kusini mwa Uingereza, ina urefu wa kilomita 13.7 na stesheni nane. Inaanzia juu ya bahari, kwenye ncha ya gati la Ryde ambako boti za kasi kutoka Portsmouth hufunga. Inapita chini ya mji kwa handaki, kisha inaelekea kusini kupitia Brading na Sandown hadi Shanklin. Haijaungana na reli za bara. Behewa likihitajika huko hubebwa na lori, na lori hubebwa na feri.

Reli ndogo namna hii haina sauti sokoni. Kiwanda kilichozoea oda za mabehewa mia na ushei hakiwezi kupangua kazi zake kwa ajili ya mabehewa kumi. Ndiyo maana tangu umeme uwekwe mwaka 1967, kisiwa kimekuwa kikivaa mitumba ya reli ya chini ya ardhi ya London: kwanza mabehewa ya miaka ya 1920 na 1930, halafu kuanzia 1989 yale ya 1938, na tangu Novemba 2021 yale ya District line yaliyoundwa kati ya 1978 na 1981, yaliyofumuliwa na kushonwa upya.

Badiliko hili la tatu lilitangazwa Septemba 2019, kwa bajeti ya pauni milioni 26. Kabla ya hapo njia kadhaa zilikuwa mezani, na kila njia ilikuwa na watetezi wake. Sasa treni hizo zimeshafanya kazi kwa miaka kadhaa, kampuni iliyoziunda upya imeshaanguka, na bodi za treni zenyewe zinakaribia nusu karne. Swali litarudi tu. Kwa hiyo nimeziweka njia hizo bega kwa bega, kwa ajili ya anayetaka kuamua na kwa ajili ya anayetaka kubishana na walioamua.

Handaki ndilo linaloanza kuchagua

Kabla ya kuuliza bei, pima dari. Handaki la Ryde halifiki mita 400, lakini liko chini kiasi kwamba maji hupenda kujikusanya humo, na lina kona. Treni za mvuke zilipoondolewa mwisho wa Desemba 1966, tuta la reli ndani ya handaki lilinyanyuliwa ili kupunguza mafuriko. Maji yakapata nafuu, ila kila sentimita iliyopanda chini ilipunguza nafasi ya juu. Tangu siku hizo, treni za kawaida za reli kuu za Uingereza zimekuwa hazina nafasi huko.

Watu wengi huliruka jambo hili. Utamsikia mtu akiuliza mbona kuna treni nzuri kabisa zimeegeshwa bara bila kazi, kwa nini zisipelekwe kisiwani? Ni kwa sababu ya kimo chao. Na ukisema uchimbe handaki lenyewe, utakuwa unachimba chini ya mji, karibu na bahari, kurudisha maji yaleyale yaliyokimbiwa.

Treni za 1938 zilikuwa na kimo cha kama mita 2.9, kwa kuwa ziliundwa kwa ajili ya mahandaki membamba ya London. Za District line, zinazoitwa D78, zina kama mita 3.6. Ni kubwa waziwazi kuliko za 1938, lakini bado ziko chini ya treni za kawaida, na kwenye handaki la Ryde zinapita. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyofungua mlango.

Kuendelea kutia viraka

Za kale zina wapenzi wake na siwalaumu. Treni za 1938 zilikuwa kazi ya hali ya juu wakati wake: mitambo yote ilifichwa chini ya sakafu, nafasi ya juu ikaachiwa abiria. Faida kubwa ya kubaki nazo ilikuwa watu. Mafundi wa karakana ya Ryde St John's Road walizijua nati kwa nati, na ujuzi wa aina hiyo hauuzwi dukani.

Lakini tazama kilichokuwa kikizimaliza. Gati la Ryde linaingia baharini kwa karibu mita 680. Kila treni inayokwenda kupokea abiria wa boti hupita juu ya maji ya chumvi, upepo ukiirushia manyunyu chini ya sakafu, palepale ilipofichwa mitambo. Bodi zilikuwa za chuma. Chuma na chumvi havijawahi kupatana. Kisiwa kilianza na treni tisa za aina hii, na kadiri miaka ilivyokwenda, iliyochoka ikawa stoo ya vipuri ya iliyobaki. Mwisho wake ni lazima utakuwa mbaya, kwa sababu ratiba ya kawaida inahitaji treni mbili njiani kwa wakati mmoja. Ukibakiwa na mbili nzima, moja ikiugua umepoteza nusu ya huduma asubuhi hiyo hiyo.

Kuna anayeweza kunijibu kwa mfano wa Isle of Man, ambako magari ya umeme ya mwaka 1893 bado yanatembea kwenye njia yake ya asili. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Ila magari yale yana bodi za mbao, ambazo seremala mzuri anaweza kuzifufua kipande kwa kipande, na wengi wa wanaoyapanda wamekuja kuyaona hayo hayo magari. Anayetoka Sandown kuwahi boti ya kazini Portsmouth hana subira ya mtalii.

Ya kale dhahabu, na dhahabu ina mahali pake. Treni moja ya 1938 imehifadhiwa kisiwani humohumo na Isle of Wight Steam Railway, reli ya mvuke inayokutana na Island Line pale Smallbrook Junction. Kwangu mimi hapo ndipo panapoifaa. Kutia viraka ni njia ya kununua muda wakati uamuzi mwingine unaiva, ila usije ukaufanya ndio uamuzi wenyewe.

Mtumba uliofumuliwa

Hii ndiyo njia iliyoshinda, kwa hiyo inastahili kukaguliwa kwa ukali zaidi kuliko nyingine.

Kampuni ya Vivarail ilinunua mabehewa ya D78 yalipokuwa yanaondolewa London, kazi iliyokamilika Aprili 2017. Kilichowavutia ni bodi ya aluminiamu. Aluminiamu nayo hulika na chumvi, lakini haioti kutu kama chuma, na kwa reli yenye stesheni katikati ya bahari hilo si jambo dogo. Tena fremu za magurudumu zilikuwa zimebadilishwa London miaka ya karibuni, kwa hiyo sehemu zinazochakaa zaidi zilikuwa changa kuliko behewa lenyewe. Kilichobaki ni kuweka mota mpya, vidhibiti vya kielektroniki, mambo ya ndani mapya, nafasi ya kiti cha magurudumu, Wi-Fi na mahali pa kuchaji simu.

Zikiwekwa pamoja, picha iko hivi:

| | Za 1938 (Class 483) | Za D78 (Class 484) |
|---|---|---|
| Bodi iliundwa | mwishoni mwa miaka ya 1930 | 1978 hadi 1981 |
| Bodi ya | chuma | aluminiamu |
| Zilianza kazi kisiwani | 1989 | Novemba 2021 |
| Idadi kisiwani | tisa za behewa mbilimbili | tano za behewa mbilimbili |
| Kasi ya juu | kilomita 72 kwa saa | kilomita 97 kwa saa |
| Chanzo cha nguvu | reli ya tatu (yenye umeme, kando ya njia) | reli ya tatu |

Mstari wa kasi usikudanganye. Njia yenyewe ina kikomo cha kilomita 72 kwa saa, kwa hiyo zile 25 za ziada ni za brosha tu. Mistari ya kuangalia ni ule wa bodi na ule wa idadi: tano zinazotegemewa ni bora kuliko tisa ambazo nyingi ziko juu ya mawe.

Sasa machungu yake. Njia ilifungwa Januari 4, 2021, na mpango ulikuwa ifunguliwe tena mwisho wa Machi. Ilifunguliwa Novemba 1. Kwa miezi saba zaidi ya ahadi abiria walipanda mabasi, majira ya joto yote yakiwemo, na majira hayo ndiyo kisiwa hicho hupata riziki. Treni zilifika na miili ya zamani na ubongo mpya, na ubongo ndio uliosumbua: programu za kompyuta zilihitaji kurekebishwa na majaribio kurudiwa. Anayenunua mtumba wa aina hii asijidanganye kwamba ananunua kitu kilichokwisha kuthibitishwa. Bodi imethibitishwa. Mitambo ni ya leo, na ina utoto wake kama treni yoyote mpya.

Jambo la pili ni kubwa kuliko hilo. Mwishoni mwa mwaka 2022 Vivarail ilishindwa kujiendesha na kuwekwa chini ya wafilisi. Kilichotokea baada ya hapo ni somo linalotosha peke yake. Bara, kwenye njia ya Marston Vale kati ya Bedford na Bletchley, zilikuwepo treni za ukoo huohuo, ila matengenezo yake yalikuwa mikononi mwa Vivarail yenyewe. Kampuni ilipoanguka, treni zilisimama, na njia ile ilikaa karibu mwaka mzima bila treni. Isle of Wight zikaendelea kutembea. Mafundi walikuwa wa mwendeshaji, karakana ilikuwa ya Ryde, spana zilikuwa mkononi mwao. Muundaji ni yuleyule, bodi ni zilezile, lakini kwa abiria matokeo yalipishana kama usiku na mchana kwa sababu ya kifungu cha mkataba kinachosema nani anafungua boneti.

Kwa hiyo anayeifikiria njia hii asianze na rangi ya viti. Adai michoro yote, haki ya kuigusa programu, na akiba ya vipuri iliyo kwenye ghala lake mwenyewe kabla hajalipa awamu ya mwisho.

Mpya kutoka kiwandani

Wanaotaka treni mpya kabisa huwa na hoja moja nzuri: mtumba wa miaka 40 ukiuvalisha mota mpya, bado una mifupa ya miaka 40. Hoja hiyo siipingi. Ninachouliza ni nani atakayeziunda, na lini.

Kipimo kizuri kiko Glasgow. Reli ya chini ya ardhi ya mji ule nayo ni ya kipekee: mahandaki membamba, na upana wa njia ambao ni wa kwao peke yao. Waliagiza treni mpya 17 mwaka 2016, kwenye mkataba wa karibu pauni milioni 200 uliojumuisha pia mfumo wa ishara. Treni ya kwanza ilibeba abiria Desemba 2023. Yaani inawezekana kuagiza treni ya kipimo chako, lakini jiandae kwa miaka saba, na kwa mkoba wa jiji.

Isle of Wight ilihitaji tano. Gharama ya kuchora treni, kuijaribu na kuipatia kibali ni ileile uwe unaagiza tano au hamsini. Ukiigawa kwa tano, kila behewa linabeba mzigo ambao nauli za kisiwa haziwezi kuulipa hata kwa kizazi kizima. Na zile za 1938 zisingengoja miaka saba mingine.

Njia hii ina maana iwapo tu oda itaunganishwa na ya mtu mwingine. South Western Railway, inayoendesha Island Line, ilirudi mikononi mwa umma Mei 2025. Mnunuzi akiwa serikali, angalau kuna mtu mmoja anayeweza kuzitazama reli ndogo kadhaa kwa pamoja na kupeleka kiwandani karatasi moja.

Tramu, na hofu yake

Mwaka 2016 Christopher Garnett, mtu aliyewahi kuongoza kampuni kubwa ya reli, aliandikia baraza la kisiwa ripoti iliyopendekeza njia igeuzwe kuwa ya tramu. Hesabu yake ilikuwa ya gharama: tramu ni nyepesi, haziumizi njia sana, na haziburuzi nyuma yake sheria zote za reli kuu. Tramu pia inaweza kuendeshwa kwa macho ya dereva, bila mfumo mzito wa ishara.

Kwenye karatasi ninaipenda. Tramu inaweza siku moja kuacha reli na kuingia barabarani, na hivyo ndoto ya kurudi Ventnor, sehemu iliyofungwa Aprili 1966, au kufika Newport, inakuwa na sura ya kitu kinachojengeka. Reli ya tatu yenye umeme haiwezi kulazwa barabarani watu wanapopita, na hata kuirefusha kwenye tuta lake wasimamizi wa usalama wa Uingereza hawaipendi tena.

Ugumu ni kwamba hakuna kinachobaki kama kilivyo. Majukwaa yashushwe. Nyaya za juu hazitoshei kwenye handaki lile bila taabu, kwa hiyo tramu ije na betri. Mafundi wafundishwe upya. Na wenyeji wengi waliogopa kitu kingine kabisa: reli ikitolewa kwenye mkataba mkubwa wa South Western na kuachwa ijitegemee, itakuwa ya kwanza kukatwa bajeti itakapobana. Wengine waliiona hofu hiyo kama siasa. Mimi naiona kama hesabu. Reli inayopata hasara kila mwaka huishi kwa kujificha ndani ya mtandao unaopata faida, na ukiitoa nje umeiweka juani.

Tramu ningeichagua kama nina uhakika wa fedha za kuirefusha njia. Kwa kilomita 13.7 zilezile, ni kubadilisha kila kitu ili ufike Shanklin palepale.

Betri na mabasi, kwa ufupi

Betri leo zinatosha. Treni iliyoundwa na Vivarail kutokana na mabehewa hayohayo ya D78, na iliyotumiwa na Great Western Railway kwa majaribio ya Greenford magharibi mwa London, imeshatembea kilomita 138 bila kuchajiwa. Hiyo ni Ryde hadi Shanklin na kurudi mara tano. Lakini kisiwa tayari kina reli ya tatu inayofanya kazi, na kubeba tani za betri ili kukwepa umeme ulio chini ya miguu yako ni anasa. Hesabu itageuka siku vituo vya umeme vitakapohitaji kubadilishwa vyote. Hapo weka bei mbili mezani.

Mabasi yapo, ya Southern Vectis, na yanafanya kazi yake vizuri. Ila barabara za Agosti zimejaa, na hakuna basi litakalochukua treni nzima ya watu wenye mizigo kwenye ncha ya gati kwa mpigo mmoja.

Fedha iliyotumika vizuri kuliko zote haikununua treni

Jiweke pale gatini, miaka ya kabla ya 2021. Boti imefunga, watu wanashuka na masanduku, watoto wanakimbilia jukwaani. Mara nyingine treni ipo. Mara nyingine imeondoka kitambo na inayofuata ni baada ya dakika 40. Kwa nini 40, wakati iliyotangulia ilipishana na mwenzake kwa dakika 20?

Jibu liko kwenye njia, si kwenye treni. Reli kwa sehemu kubwa ni ya mstari mmoja, na treni mbili zinazokabiliana zinahitaji mahali pa kupishana. Brading palikuwa na njia mbili hadi 1988, zilipoondolewa kubana matumizi. Zikabaki Sandown na Ryde St John's Road, ambazo zimeachana kwa takriban dakika 10. Umbali huo unafaa treni zinazofuatana kila dakika 20, yaani tatu kwa saa. Ukiwa na uwezo wa treni mbili kwa saa, inabidi umtoe mmoja kwenye foleni, na unabaki na pengo la 20 na pengo la 40. Wakati huo boti zinakuja kwa utaratibu wake zenyewe, na hazimsubiri mtu.

Mradi wa 2021 ulirudisha njia ya kupishana Brading. Treni moja ikiondoka Shanklin na nyingine ikiondoka gatini, zinakutana takriban katikati, na ratiba inakuwa ya kila dakika 30, inayoweza kwenda sambamba na boti. Baraza la kisiwa na wadau wa maendeleo wa eneo hilo walichangia karibu pauni milioni 1 kwa ajili ya kipande hicho. Linganisha na milioni 26 za mradi mzima.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaolinganisha treni kwa treni. Ungeweza kuleta mabehewa yanayong'aa kuliko yote Ulaya, na bado mama mwenye sanduku angekaa gatini dakika 40. Na kinyume chake: treni za 1938 zikiwa na Brading iliyofunguliwa zingekuwa zimefanya kazi nzuri zaidi kuliko walivyozikumbuka watu.

Ningeamuaje

Kwa hali ya 2019, D78 ilikuwa chaguo sahihi, na ningelirudia, nikiongeza miezi ya majaribio kabla ya kufunga njia, badala ya baada. Lingine lolote lilikuwa ghali mno, au lilichelewa mno, au lilihitaji kisiwa kibadilike kwanza.

Kwa awamu ijayo kuna kishawishi kimoja kinachonyemelea. London inajiandaa kuziondoa treni za 1973 za Piccadilly line, na tayari nasikia minong'ono kwamba zitafaa Ryde, maana ni nyembamba na dari haitakuwa tatizo. Kisiwa kiliwahi kuzipita treni za Victoria line zilipostaafu 2011, na wapo wanaojuta mpaka leo. Kwa hizi za Piccadilly mimi ningekataa. Ni kongwe kuliko D78 zilizopo, ni finyu zaidi kwa kiti cha magurudumu, na majukwaa yaliyogharamiwa juzi ili abiria waingie bila kupanda wala kushuka yangelazimika kupimwa upya. Fedha hizo ningezipeleka kwenye mabehewa ya D78 yaliyosalia bara, niyanunue yakiwa bado yapo, niyafunike na kuyahifadhi kwa ajili ya milango, fremu na bodi, kabla mfanyabiashara wa chuma chakavu hajafika kwanza.